Nani Atabaki Mugini?

Mwezi huu tunataka kuzungumuza na ninyi juu ya jambo moja lenye kugusa kila nyumba: kazi ya uganga mu migini yetu. Si mambo ya dawa tu, wala si mambo ya majengo tu. Ni mambo ya watu. Nani atakubali kukaa mbali na muji, usiku na mchana, kwa kutunza wagonjwa? Na sisi wenyewe tutafanya nini ili akae?

Tuanze na habari moja.

Siku moja nilifika mugini moja wa Lualaba, mbali kidogo na barabara kubwa ya makamio. Watu walinipeleka kwanza kuona santre yao ya afya. Nyumba ilikuwa mupya: kuta nyeupe, mabati yenye kungaa, baraza la simenti, na juu ya mulango majina ya wale waliotoa feza. Nikapiga hodi. Kufuli. Nikachungulia ku dirisha: kitanda cha kuzalia kilikuwa bado kimefungwa mu nailo yake.

Mama muzee moja alikuwa amekaa pale ku baraza, anachambua sombe. Nikamuuliza: anfirmie iko wapi? Akanijibu bila kuinua kichwa:

«Nyumba iko. Mutu njo haiko.»

Kisha akanielezea. Anfirmie aliyekuwa pale alikaa miezi kadiri. Mushahara haukuja. Mwisho akaenda ku muji kutafuta maisha. Hakuna aliyemukasirikia, maana wote walimuona namna alivyokonda. Halafu usiku moja wa mvua, muke wa mutoto wa huyu mama akashikwa na uchungu. Wakamubeba ku kinga. Njia ya lupitalo ilikuwa imekatwa na mayi. Wakarudia ku santre, na walijua kama kuna kufuli, lakini angalau baraza lile lilikuwa na mabati juu. Mutoto akazaliwa pale ku simenti, akalia, mama yake akamusikia. Lakini damu haikusimama. Mbele ya jua kutoka, mama alikuwa amekwisha kufariki.

«Mu ile nyumba mulikuwa dawa?» mama muzee akaniuliza.

Sikujua jibu. Na hata kama dawa ilikuwa, hakukuwa mukono wa kuitoa.

MUKONO MOJA KARIBU

Ndugu musomaji, damu nyingi nyuma ya kuzaa ni moja ya sababu kubwa zenye kuua wamama. Inaweza kumaliza mwanamuke mwenye nguvu ndani ya saa mbili. Lakini mutu aliyefundishwa anajua la kufanya. Mara tu mutoto anapotoka, anachoma mama sindano ya ositosini. Anaangalia kama kondo la nyuma limetoka lote. Anakanda tumbo ili nyumba ya mutoto ijikaze. Kama damu inaendelea, anaanza matunzo na kutuma watu watafute pikipiki, saa ile ile, hangoji asubui.

Ositosini inaomba kukaa fasi ya baridi. Kama frigo haiko, kuna vidonge vya mizoprostoli ambavyo haviombi baridi. Ona basi: hakuna kitu pale chenye kuomba dokta mukubwa wa Kinshasa. Kinaomba mutu moja aliyesoma vizuri, anayelala karibu.

Njo maana tunasema kama ukosefu wa watu wa kazi ya afya ni ugonjwa wenyewe. Hauonekani ku macho kama surua ao malaria, lakini unafungulia magonjwa yote mulango.

TULIZOEA KADI YA KAMPUNI

Sisi watoto wa migodi tulichelewa kuona jambo hili. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na nyuma yake ikaja Gécamines. Mutumishi, muke wake na watoto wao walikuwa na lupitalo ya kampuni, ikiwa Lubumbashi, ikiwa Likasi, ikiwa Kolwezi. Wengi wetu tulizaliwa humo. Hatukuuliza nani alimusomesha anfirmie, wala nani anamulipa. Alikuwa pale tu, kama mayi ya robine.

Halafu siku mbaya zikafika. Mu mwezi wa 9, mwaka 1990, mugodi wa Kamoto ulianguka. Gécamines, ambayo mu miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya toni 400,000 za shaba kila mwaka, mu 1993 haikufikisha hata toni 50,000. Mwaka 2003, watumishi zaidi ya 10,000 waliondoka mu kampuni kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda, hata kama wengi hawakupenda. Jamaa nyingi zilirudia ku mashamba ya wazee. Kule njo zilijua, mara ya kwanza, namna anfirmie iko mbali.

Si sisi peke yetu. Mwaka 2006, Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaloita OMS, lilihesabu inchi 57 zenye upungufu mukubwa wa waganga, baanfirmie na wazalishaji. Inchi 36 kati ya zile zilikuwa za Afrika, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Mwaka 2010, OMS iliandika tena kama karibu nusu ya watu wa dunia wanaishi mashambani, lakini kule kuna watumikaji 38 tu ku kila baanfirmie 100, na waganga hawafiki hata 25 ku kila 100. Wengine wote wako mu miji.

HISTORIA YETU ILITUFUNDISHA NINI?

Wazee wanakumbuka mwaka 1960. Siku ya uhuru, hakukuwa dokta hata moja Mukongomani aliyemaliza masomo ya udokta mu iniverisite ya ndani ya inchi. Lovanium ilifunguliwa mu 1954 tu, na masomo yale ni ya miaka mingi. Wiki chache nyuma ya uhuru, waganga wazungu wengi wakakimbia. Nani alibaki na wagonjwa? Walibaki baanfirmie wetu, pamoja na wale walioitwa wasaidizi wa uganga, Wakongomani waliosoma karibu kama dokta lakini hawakupewa jina lile.

Basi serikali na OMS wakafanya jambo la akili. Wakachagua wengi kati ya wale wasaidizi, wakawatuma Ufaransa kumaliza masomo. Hawakuanza ku ziro, maana walikuwa wamekwisha kutumika miaka mingi. Nyuma ya miaka kama mitatu, wa kwanza wakaanza kurudia, sasa ni waganga kamili.

Watu wa Lubumbashi wanajua lupitalo kubwa yenye jina la Jason Sendwe. Wengi wanamukumbuka kama mutu wa siasa, mukubwa wa Balubakat. Lakini mbele ya siasa, yeye pia alikuwa amejifunza uganga na kutumika kama musaidizi.

Habari hii inatufundisha jambo moja: watu walikuwa pale. Kilichokosekana ni ngazi ya kupandia.

Nyuma yake, Wakongomani na marafiki wao walijaribu mambo mengine mazuri. Kule Kasongo, mu Maniema, kuanzia miaka ya 1970, waganga wa inchi yetu na wa chuo cha Antwerp, Ubelgiji, waliweka masantre madogo ya baanfirmie kandokando ya lupitalo, wakaona kama magonjwa mengi yanaweza kutunzwa kule kule mugini.

Kule Vanga, ku mutoni Kwilu, dokta Daniel Fountain alifika mwaka 1961 ku lupitalo ya Wabatisti. Alitumika, akatumika, akaona jambo lenye kuchokesha: wagonjwa wanapona, wanarudia nyumbani, kisha wanakuja tena na ugonjwa ule ule. Akajua kama lupitalo peke yake ni kama kupangusa mayi chini na robine imeachwa wazi. Basi wakafungua masantre mu migini, wakafundisha baanfirmie pale pale Vanga, na waganga vijana Wakongomani wakakuja kujifunza kazi ya mashambani kwa macho na kwa mikono.

Mwaka 1981, Kanisa la Kristo la inchi yetu lilianza mpango wa SANRU, ni kusema afya ya mashambani, kwa musaada wa Marekani. Mu 1985 inchi yote ikagawanywa mu zoni za afya 306. Leo ziko 519. Kila zoni iko na lupitalo yake ya kupokea wagonjwa wazito, na kandokando masantre ya baanfirmie. Dokta wa zoni anapaswa kuzunguka kuwatembelea, kuwafundisha na kuwatia moyo.

Mpango ni muzuri, na wageni wengi walikuja kuujifunza kwetu. Lakini mpango ni kama mifupa. Bila nyama hautembei. Na nyama ni watu.

JUU YA NINI WANAKIMBIA?

Mutu anaweza kusema: masomo ya uanfirmie yamejaa fasi yote! Ni kweli. Kila mwaka vijana wengi wanapata diploma. Lakini wanasongamana mu miji. Ku muji, anfirmie tano wanagombania kazi moja. Ku mugini, kufuli.

Tusiwahukumu haraka. Keti na anfirmie wa mugini, umuulize pole pole. Atakuambia hivi:

Ya kwanza, mushahara. Wengi wanatumika miaka bila namba ya serikali, na wenye namba wengine wanapata prime kidogo tu, ao hawapati kitu. Basi wanaishi na kile wagonjwa wanacholipa. Nyuma ya kununua dawa, wanagawanya kinachobaki. Mwezi wa mavuno unaweza kuwa muzuri. Mwezi wa njaa, hakuna. Na mama masikini, akijua kama ataombwa feza, anachelewa nyumbani mpaka ugonjwa unakomaa. Tangu mwaka 2023 serikali ilianza kule Kinshasa mpango wa wamama kuzaa bila kulipa, kisha ukapelekwa mu majimbo mengine. Ni jambo la kufurahisha. Lakini kama mama halipi, mwingine anapaswa kumulipa anfirmie, na kumulipa mbele ya mwezi kuisha.

Ya pili, upweke. Akipata mugonjwa muzito usiku, hana mutu wa kuuliza. Mwaka unaisha, dokta wa zoni hajafika, sababu gari haina mafuta ao njia imekufa.

Ya tatu, watoto. Watoto wake watasoma wapi nyuma ya darasa la sita?

Ya ine, ngazi imekatwa. Mwenzake wa ku muji anaendelea na masomo, anapata diploma ya juu. Yeye, kadiri anavyotumika vizuri, njo wanazidi kumusahau.

Anfirmie moja aliniambia maneno haya: «Bananiambia kila siku, Mungu atakulipa. Najua atanilipa. Lakini mutoto wangu anaomba kalamu leo.»

Wandugu, maneno haya yanatupasa kuyasikia vizuri. Tunakumbuka habari ya Musamaria. Hakusimamia ku huruma tu. Alimufunga mugonjwa vidonda, akamupeleka ku nyumba ya wageni, na asubui akamulipa mwenye nyumba denari mbili, akaahidi kulipa tena kama gharama inazidi. Alijua kama mwenye kutunza anakula pia. Sisi mara nyingi tunapenda sehemu ya kwanza ya habari hii, tunasahau denari.

MAJIRANI WETU WA NDOLA

Sasa tuvuke mupaka kidogo. Ndola si mbali. Wengi wenu muko na jamaa kule, na Balamba na Babemba wako pande zote mbili.

Mwaka 2010, serikali ya Zambia ilianza kutafuta vijana wa mugini kwa kazi mupya: wasaidizi wa afya wa jamii. Haikutafuta ku muji. Ilibandika matangazo ku masantre ya migini, na wenye kuomba kazi walipaswa kuwa watu wa pale pale, wenye kumaliza masomo ya sekondari. Kila santre ilipata watu wawili. Walifundishwa mwaka moja kule Ndola, kisha wakarudishwa ku migini yao, wakiandikwa ku mushahara wa serikali. Sehemu kubwa ya kazi yao ni kutembea nyumba kwa nyumba: kuangalia mimba, kupima watoto, kutuma wagonjwa ku lupitalo kwa wakati.

Lakini kuna jambo moja la ajabu. Watafiti walifanya matangazo ya namna mbili. Mu wilaya za nusu moja, tangazo lilisema hasa juu ya kusaidia jamii yako. Mu nusu ingine, lilisema hasa juu ya kuendelea mbele: utajifunza, utapanda, unaweza kufika hata udokta. Watu wengi waliogopa tangazo la pili. Walisema: litaita watu wa tamaa, wasio na upendo.

Matokeo yalikuwa ingine. Wale waliochaguliwa kwa tangazo la kuendelea mbele walikuwa na masomo bora, na upendo wao kwa jamii haukupungua kuliko wa wenzao. Walitembelea nyumba zaidi kwa 29 ku mia. Mu fasi walizotumika, wamama wenye kuzalia ku santre waliongezeka karibu 30 ku mia, na watoto wenye uzito wa chini walipungua kwa robo.

Unaona? Upendo na ngazi si adui. Mutoto wa mugini anaweza kupenda watu wake na kutaka pia kuendelea. Tukimulazimisha kuchagua moja, tutabaki na kufuli.

MAMBO MATATU YA KUFANYA

OMS iliandika mashauri yake juu ya jambo hili mu 2010, ikayaandika tena mu 2021. Ukiyaweka mu luga ya nyumbani, na ukiongeza tuliyoona Vanga na Ndola, yanakuwa haya matatu:

1. Muchague kwenu. Mutoto aliyezaliwa mashambani anarudia mashambani kwa wepesi kuliko mutoto wa muji. Anajua luga, anajua njia, giza la usiku halimuogopeshi.

2. Mumufundishe karibu. Masomo yakiwa mbali sana, muji unamumeza. Na wakati wa kujifunza, atumike mu masantre ya migini, si ku lupitalo kubwa tu.

3. Mumushikilie. Nyumba, mushahara, mwenye kumutembelea, na njia ya kupanda. Moja ikikosekana, nyingine zinaregea.

FEZA ITATOKA WAPI?

Pale mutasema: maneno mazuri, lakini feza? Wasomaji wa fasi za migodi, musikilize vizuri sehemu hii, sababu inawagusa ninyi kuliko wengine.

Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kama kodi ya madini inagawanywa hivi: 50 ku mia inaenda ku serikali kubwa, 25 ku jimbo, 10 ku mufuko wa siku zenye kuja, na 15 ku mia inarudia ku sheferi, sekta ao komine yenye mugodi. Tena, kampuni inapaswa kutoa angalau 0.3 ku mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya migini ya pale. Feza ile inasimamiwa na komite, na watu wa migini wanapaswa kuwa na viti ndani.

Kila mara komite inapokutana, tunaomba nini? Tunaomba majengo. Jengo linaonekana, linapigwa picha, mukubwa anakata utepe. Hatusemi majengo ni mabaya. Lakini jengo halizalishi mama. Siku ingine, wakati mwenzako anaomba jengo la pili, simama uombe hivi: «Tunataka kusomesha wasichana wawili na kijana moja wa mugini huu kazi ya uganga, na kulipa prime ya yule aliyeko.» Muombe iandikwe mu karatasi ya mukutano.

Na kama hakuna mugodi karibu? Kanisa, chama cha wamama, kikundi cha wakulima wanaweza kuanza na mutoto moja. Magunia ya mahindi ni feza pia.

LAKINI MUANDIKE

Mapatano ya mudomo yanaharibu jamaa. Kama mugini unasomesha mutoto, muandike mambo haya, na kila mutu atie mukono: muzazi, mutoto mwenyewe, sultani wa mugini, komite ya afya na ofisi ya zoni.

Muandike nani analipa masomo, chakula na nguo, na kwa miaka ngapi. Muandike kama nyuma ya diploma atatumika kwenu kwa miaka sawasawa na ile aliyosomeshwa. Muandike mutakachomupa: nyumba yenye mulango wa kufunga, shamba, na prime ya mwezi yenye kujulikana. Muandike kama zoni itamutambua na kufuata namba yake ya serikali. Muandike kama akimaliza miaka yake vizuri, mutamusaidia kuendelea na masomo ya juu kama anataka.

Kwa msichana, mutaulizana: na akiolewa fasi ingine? Ni ulizo la kweli, lisiachwe chini ya mukeka. Lakini lisiwe sababu ya kumunyima masomo. Muandike tu mbele: bwana wake ahamie huku, ao warudishe sehemu ya feza kidogo kidogo. Kijana mwanaume pia anaweza kukimbia. Tusiogope wasichana peke yao.

NENO KWA KILA MUTU

Kwako kijana. Najua mwenzako anatoka ku shimo la kobalti na feza mu mufuko, na wewe uko na kitabu. Feza ya shimo inakuja mbio, na shimo linaanguka mbio pia. Kama unachagua masomo ya uganga, uliza kwanza: yanatambuliwa na serikali? Yako na lupitalo ya kujifunzia? Kuna masomo yaliyofunguliwa mu nyumba ya kupanga, bila hata mugonjwa moja. Kule utapata karatasi, hutapata mukono. Na kama haujamaliza sekondari, unaweza kuanza kama relai wa jamii: kutembelea nyumba, kukumbusha chanjo, kuonyesha namna ya kutandika chandarua. Lakini relai hachomi sindano. Kujua mupaka wako ni mwanzo wa uganga muzuri.

Kwako muzazi. Tusiseme mbele ya watoto kama kutumwa mugini ni azabu. Mutoto anasikia. Siku atakapomaliza, atakimbia kile ulichomuogopesha.

Kwenu watu wa komite ya afya. Anfirmie wenu aliyeko, je, mulimutembelea mwezi huu? Paa lake linavuja? Mutoto wake anasoma? Ni rahisi kumushikilia aliyeko kuliko kumutafuta aliyeondoka. Na feza za santre zihesabiwe wazi kila mwezi, ili yeye asishukiwe na ninyi musidanganywe.

Kwenu wenye kuwa na anfirmie ao dokta mu jamaa. Mutu akitumika mashambani, musimucheke kama aliyeshindwa maisha. Na musimumalize na maombi ya feza. Wengi wanakimbia muzigo wa jamaa kuliko mugini.

KUFULI ITAFUNGULIWA?

Ile siku, mbele ya kuondoka, mama muzee aliniita ku nyumba yake. Mutoto aliyezaliwa ku baraza alikuwa pale, anatambaa, amenenepa. Aliyekuwa anamulea ni mama yake mudogo, ndugu ya yule marehemu, msichana wa sekondari, mwenye kusema kidogo. Nikamuuliza anataka kusoma nini.

«Kuzalisha,» akajibu.

Baba yake alikuwa karibu. Akacheka kidogo, si kwa zarau, kwa uchovu. «Baba, masomo yale iko feza. Miye niko na mashamba mbili tu.»

Nikamuuliza yule msichana tena: «Na ukimaliza, utarudia hapa?»

Akaangalia mutoto. Akaangalia mabati yenye kungaa ya santre. Kisha akasema: «Bakinipa maneno tu, sitarudia. Yule wa kwanza balimupa maneno. Lakini bakinishikilia, nitarudia wapi kama si hapa?»

Wasomaji wapendwa, sina neno la kuongeza juu ya lile. Nilikuta wazee wa komite jioni ile, nikawasomea hesabu ya 15 ku mia. Walikaa kimya muda murefu. Moja akaomba nirudilie. Nikarudilia. Akatoa kalamu, akaandika mu mukono wake.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZA MU JAMAA NA MU VIKUNDI VYA VIJANA

1. Usiku wa leo, mama akishikwa na uchungu kwenu, mutu aliyefundishwa iko umbali gani? Mutamupeleka na nini?

2. Anfirmie wa santre yetu analipwa na nani? Tunajua, ao tunakisia?

3. Mu mugini ao kanisa letu, ni mutoto gani mwenye akili na moyo wa kutunza wagonjwa? Tumekwisha kumuuliza?

4. Komite ya feza za mugodi inakutana lini? Nani kati yetu ataenda, na ataomba nini?